Skrini inakuwa nyeusi kila BOINC ikianza kutumia kadi ya grafiki: draiva ni mbovu au kadi ndo imekufa?

"Habari mtaalamu. Mimi ni mwalimu wa fizikia, sekondari, hapa Lindi mjini. Nina Dell ya ofisi ya mtumba, i5, ram 16, pawa saplai yake imeandikwa 240W. Mwaka huu nikaiongezea kadi ya GTX 1060 ya 6GB, nayo mtumba, iliagizwa Dar, fundi akaifunga kwa kutumia kiwaya cha kuunganishia kutoka kwenye waya wa diski. Nimeweka BOINC, ile programu ya kuchangia kompyuta kwenye hesabu za utafiti, nikajiunga na mradi wa Einstein@Home, wanafunzi wangu wanaipenda sana. Tatizo, tangu mwezi wa kumi na moja skrini inakuwa nyeusi sekunde mbili tatu, inarudi, inaandika kwamba draiva ya disiplei imeacha kujibu ila imerudishwa, na ile kazi ya Einstein inakuwa imekufa. Mara mbili imeleta skrini ya bluu. Inatokea sana saa nane, saa tisa mchana, na tena saa moja saa mbili usiku. Asubuhi haisumbui. Gemu nikicheza haina shida kabisa. Draiva nimeapdeti mara tatu, fundi akapiga window upya akisema ni kirusi maana hii programu inachimba sarafu, wapi. Fundi mwingine kasema kadi imekufa nimuuzie yeye kama spea. Na kuna video nimeona wanasema badilisha namba fulani kwenye rejista ya Windows iwe 60 na tatizo linaisha. Nifanyeje?"

Mwalimu habari za huko Lindi, na pole na usumbufu. Swali lako nimelisoma mara mbili maana umefanya kitu ambacho wengi hawafanyi, umeandika saa. Watu wananiletea hapa Mtwara mashine wanasema tu inazingua, basi, nikiuliza inazingua saa ngapi ukifanya nini hawajui. Wewe umeniambia mchana inazingua, usiku wa mapema inazingua, asubuhi haizingui, na hapo nusu ya jibu ushanipa mwenyewe.

Kwa maelezo yako kadi usimuuzie mtu kwanza. Sioni dalili kwamba imekufa, na draiva, yaani ile programu inayoiongoza kadi, uliyoihangaikia mara tatu nadhani ndo ina kosa dogo kuliko wote hapo. Ninachokishuku zaidi ni umeme unaofika kwenye kadi, hasa kile kiwaya, na cha pili joto. Nitakueleza kwa nini nasema hivyo, ili ata nikiwa nimekosea ujue pa kuangalia.

Ila kabla ya yote hilo la kirusi tuliondoe maana linawatisha watu bure. BOINC haichimbi sarafu ya mtu yeyote. Ilitengenezwa Chuo Kikuu cha California kule Berkeley, ni walewale waliokuwa na SETI@home ya mwaka 1999, ule mradi wa kutafuta ishara za viumbe wa sayari nyingine, na kazi yake ni kugawa hesabu za utafiti kwenye kompyuta za watu wanaojitolea. Einstein@Home ipo tangu 2005, inatafuta mawimbi ya mvutano na nyota zile zinazozunguka kwa kasi, palsa. Mwaka 2010 ilipata palsa mpya, J2007+2722, inayozunguka kama mara 41 kwa sekunde, na iliyoikamata ni kompyuta za nyumbani za watu wa kawaida, Marekani na Ujerumani, kwa data za darubini ya Arecibo. Siku hizi kuna kazi zinatumia data za MeerKAT, ile darubini ya Karoo Afrika Kusini, kwaiyo waambie wanafunzi kwamba Dell ya mwalimu wao inachambua sauti ya anga iliyonaswa huku huku kusini mwa Afrika. Cha kuzingatia tu ni kwamba uwe umeipakua kwenye tovuti yao wenyewe, sio kwenye flashi ya mtu.

Sasa twende kwenye skrini nyeusi. Windows kuanzia enzi za Vista ina mlinzi wake kwa ajili ya kadi ya grafiki. Kadi yako ina kazi mbili kwa wakati mmoja, kupiga hesabu za Einstein na kuchora skrini unayoiangalia. Windows ikitaka kadi iachie kipande cha hesabu ifanye kingine, inaiomba, alafu inasubiri, na kwa kawaida inasubiri sekunde mbili tu. Sekunde mbili zikipita kadi haijajibu, Windows inaamua kwamba kadi imeganda, inaiua draiva na kuiwasha upya, ndo hapo skrini inakuwa nyeusi alafu inarudi. Ile kazi ya BOINC iliyokuwa katikati ya hesabu inakufa kwa sababu kila kitu kilichokuwa kwenye memori ya kadi kimefutwa. Na hali hiyo ikijirudia zaidi ya mara tano ndani ya dakika moja Windows inakata tamaa inaleta skrini ya bluu, ukisoma pale chini utakuta VIDEO_TDR_FAILURE au namba 0x116. Naamini ndo zile mbili zako, ila hakikisha.

Kwaiyo ujumbe wa "draiva imeacha kujibu" ni taarifa ya mlinzi kwamba kuna mtu kaanguka ndani. Haisemi kaangushwa na nini. Kadi inaweza kuacha kujibu kwa sababu draiva imechanganyikiwa kweli, au umeme umeshuka kidogo katikati ya hesabu, au joto, au memori yake inakosea, au hesabu yenyewe ni ndefu kupita zile sekunde mbili, na zote hizo ujumbe ni uleule mmoja. Ndo maana watu wanabadilisha draiva mpaka wanachoka, wanamhukumu aliyeleta taarifa.

Na gemu? Hili swali naulizwa kila wiki. Gemu ikikosea namba moja wewe unaona kidoa cha rangi kwa muda mfupi sana, pengine hukioni kabisa, inaendelea. Hesabu ikikosea namba moja mbaya, yote inaharibika au programu inaanguka. Alafu gemu inapumua, kuna menyu, kuna kupakia hatua inayofuata, ukifungwa goli unatulia kidogo, kadi inapanda na kushuka. Einstein haipumui, kadi inasimama kwenye asilimia 95 na kitu saa nzima, saa sita, usiku kucha, na kifaa kilichochoka kinajulikana kwenye mzigo wa namba hiyo. Mtu anaweza kukimbia mbio fupi na goti bovu, mpe gunia la korosho apandishe nalo Newala ndo utajua.

Turudi kwenye saa zako. Saa nane mchana Lindi, mwezi wa kumi na moja mpaka wa kumi na mbili, chini ya bati, wote tunajua hali yake. Saa moja usiku joto limeshapungua, lakini ndo saa kila nyumba imewasha taa, tivi, pasi, friji, na umeme unakuwa mdogo. Asubuhi hakuna joto wala umeme mdogo, na mashine haisumbui. Umeona? Draiva mbovu haijui saa, ingezingua ata alfajiri.

Nianze na umeme maana hapo ndo kuna hatari ya moto, na hili naomba ulifanye leo kabla hujamaliza kusoma. Zima mashine, chomoa ukutani, fungua kava, fuata ule waya unaoingia kwenye kadi kule mwisho kwenye plagi ya pini sita, uone umetokea wapi. Wewe umesema umetoka kwenye waya wa diski. Kama ni ile plagi bapa ya SATA, plagi hiyo upande wa volti 12 imeruhusiwa ampea 4.5 tu, yaani wati 54. Plagi ya pini sita ya kadi imepangwa ibebe mpaka wati 75. Kadi yako kwa ujumla inakula wati 120, nyingine inachota kwenye bodi pale ilipochomekwa, nyingine inapitia hicho kiwaya. Gemu ikipanda na kushuka kiwaya kinapoa katikati, Einstein ikikaa masaa kinapika polepole.

Mwaka juzi nililetewa kadi hapa Mtwara, ya kijana wa Chikongola, ana tatizo kama lako hilihili, naye alikuwa ameshapiga window mara mbili. Kwa nje kila kitu safi. Nikaivuta ile plagi bapa ikawa ngumu kutoka, ilipotoka nikaona plastiki nyeupe imekuwa ya kahawia kama mkate ulioungua ukingo, na pini moja imezama ndani kidogo, na ile harufu, ukishaisikia mara moja huisahau. Ilikuwa inagusa na kuachia. Kila ikiachia kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho, kadi inakosa umeme, inaganda, Windows inahesabu mbili, skrini nyeusi. Draiva ilikuwa haina habari. Kwaiyo mwalimu iangalie hiyo plagi kwa macho, iguse, inuse. Ukikuta rangi imebadilika au imelainika, BOINC kwenye kadi inasimama siku hiyohiyo, na mashine isiwashwe na kadi hiyo mpaka kiwaya kitoke.

Ata kama kiwaya ni kizima, pawa saplai ya wati 240 inabanwa sana hapo. Prosesa i5 za mezani za namna hiyo nyingi ni wati 65, kadi 120, hapo tayari 185, bado bodi, ram, diski, feni, na kadi za grafiki zina tabia ya kuruka juu ghafla kwa muda mfupi sana kupita wati zilizoandikwa. Pawa saplai mpya ya Dell ingeweza kuhimili, zile ni imara, lakini hii yako imeshakaa ofisini miaka Ulaya huko kabla haijafika Lindi. Umeme wa ukutani ukiwa mdogo pawa saplai inavuta ampea nyingi zaidi kupata wati zilezile, inachemka zaidi. Nyingi zimeandikwa volti 100 mpaka 240 kwaiyo umeme mdogo peke yake hauiangushi, nisikudanganye, ila umeme mdogo ukijumlisha uzee ukijumlisha mzigo wa masaa sita, hapo inashindwa. Kama unatumia stabilaiza ile inayopiga "ta! ta!" kila umeme ukiyumba, ujue kila "ta" moja ni swichi imehama na kuna upenyo mdogo wa umeme kukatika. Sikiliza siku moja, ukisikia "ta" na skrini ikafa palepale, andika.

Fundi mwenye mita akupimie volti 12 wakati Einstein inakimbia. Inatakiwa iwe kati ya 11.4 na 12.6. Ikiwa inakaa 11.9 tulivu pawa saplai haina neno, ikishuka kuelekea 11.4 kila mzigo ukipanda umeshampata mtuhumiwa.

Suluhisho la kudumu ni pawa saplai ya wati 450 ya jina linaloeleweka yenye plagi halisi ya pini sita ya kadi. Ila angalizo, Dell nyingi za ofisi za namna hii bodi yake haina ile plagi kubwa ya pini 24 ya kawaida, ina yake ndogo, kwaiyo ukinunua pawa saplai ya kawaida lazima ununue na kiunganishi cha kutoka 24 kwenda hiyo ya Dell, na sanduku nalo upime kama itaingia. Njia ya pili, ambayo kwa hali yako naipenda zaidi kusema kweli, ni kubadilishana hiyo 1060 na GTX 1650 au 1050 Ti ambayo haina plagi kabisa, zile zinakula wati 75 zote kutoka kwenye bodi. 1050 Ti itakuwa taratibu kuliko 1060, hilo likubali, lakini itapiga hesabu usiku kucha bila kiwaya cha kubabaisha. Angalia tu isiwe toleo lenye plagi maana yapo.

Sasa joto. Weka GPU-Z, ni programu ndogo ya bure, kuna ukurasa wa vipimo na unaweza kuiambia iandike kwenye faili kila sekunde. Iache inaandika kuanzia saa saba mchana. GTX 1060 imewekewa mwisho wa nyuzi 94, na yenyewe inaanza kujipunguza kasi ikifika 83 hivi. Ukiona inakaa 70 mpaka 78 huna tatizo la joto kwenye chipu. Ukiona 83 na feni inalia kama mashine ya kusaga, hapo sawa, tunafungua. Kadi ya mtumba ya miaka mingi pesti yake ya kupitisha joto huwa imekauka imekuwa kama chokaa, unaifuta unapaka mpya, nyuzi zinashuka vizuri. Na usiishie kwenye chipu, memori ya kadi inapata joto nayo ila kwa kadi hii hakuna kipimo chake, kwaiyo hewa ndani ya sanduku ni muhimu. Sanduku lisikae chini ya meza limefunikwa kitambaa cha kufuma, najua tunafanya hivyo kwa ajili ya vumbi na nia ni nzuri, lakini hiyo kadi inavuta pumzi kupitia kitambaa.

Sisi watu wa pwani tuna jambo la ziada, chumvi. Kadi iliyokaa karibu na bahari, ukiitoa ukaangalia zile meno za dhahabu zinazoingia kwenye bodi, unakuta zimefifia, na kwenye vichwa vya skrubu kuna kijani. Mgusano ukiwa mbaya pale kadi inapoteza mawasiliano na bodi kwa muda mfupi na matokeo ni yaleyale, draiva imeacha kujibu. Sugua meno hayo taratibu kwa ufutio mweupe wa wanafunzi wako, alafu pangusa kwa alkoholi safi ile ya mafundi simu, iache ikauke kabisa, chomeka mpaka usikie imekaa. Usitumie thina. Naona mafundi wanatumia thina kwenye bodi, inayeyusha vitu ambavyo haitakiwi kuviyeyusha.

Draiva nimeiweka nyuma lakini sijaisamehe kabisa. Ukiapdeti draiva juu ya draiva mara tatu mabaki yanabaki, na Windows yenyewe ikipata bando inajipakulia draiva yake kimyakimya na kufuta uliyoweka, saa nyingine hiyo yake inakuja bila sehemu ya hesabu, BOINC inaanza kusema haioni kadi yoyote. Kwaiyo fanya mara moja tu, vizuri. Pakua draiva kwenye tovuti ya NVIDIA kwanza ikae kwenye diski, kata intaneti, ingia sefu modi, futa ya zamani kwa programu inaitwa Display Driver Uninstaller, restati, weka mpya, restati tena ndo urudishe intaneti. Nasema restati, usizime na kuwasha, maana Windows ukiizima kwa kawaida haizimi yote, inahifadhi sehemu ya draiva ili iwake haraka kesho, restati ndo inaanza upya kweli. Na usikimbizane na mpya zaidi. Kadi yako ni ya familia ya Pascal ya 2016, NVIDIA wameshatangaza kwamba tawi la 580 ndo la mwisho kwa familia hiyo, baada ya hapo ni marekebisho ya usalama tu. Draiva iliyokaa miezi bila shida ndo draiva yako, iache.

Kuhusu ile namba ya kwenye video. Inaitwa TdrDelay, ipo kwenye rejista, yaani ghala la mipangilio ya Windows, na ndo zile sekunde mbili za mlinzi. Ni kitu halali, wala sio uchawi, na kuna watu inawasaidia kweli, wenye kadi dhaifu sana ambazo hesabu moja inachukua sekunde tatu kihalali, hao wakiweka 8 au 10 wanapona. Kadi kama yako ikiwa na afya haihitaji, watengenezaji wa hizi programu hukata hesabu vipande vifupi makusudi ili skrini isigande. Na 60 ni namba mbaya, maana kadi ikiganda kweli kwa sababu ya umeme utakaa dakika nzima unaangalia skrini iliyokufa, usijue kama inarudi au hairudi, na kiwaya kinaendelea kupika. Kama umeshaibadilisha irudishe, kama hujaibadilisha iache mpaka tumalize umeme na joto. Baada ya hapo ukitaka kujaribu 8 sina ugomvi na wewe, ila hifadhi nakala ya rejista kwanza.

Wakati unatafuta pesa ya pawa saplai kuna vitu vya bure vya kufanya. Weka MSI Afterburner, programu ya kurekebisha mipangilio ya kadi, shusha kikomo cha umeme cha kadi mpaka asilimia 65 au 70. Kadi itatoka wati 120 hadi kama 80, na kasi haitashuka kwa kiwango hichohicho, utapoteza kidogo tu, hizi kadi zikiwa kwenye mwisho wake zinakula umeme mwingi kwa kasi ndogo ya ziada. Kama aliyekuuzia alikuwa ameiongezea kasi, irudishe ya kiwandani, kadi nyingi za mtumba zilitumika kuchimba sarafu mpaka Ethereum ilipoacha uchimbaji Septemba 2022 na nyingine zina mipangilio ya ajabu. Ndani ya BOINC, kwenye mipangilio ya hesabu, ruhusu asilimia 75 ya prosesa isiwe 100, maana kadi inahitaji kiini kimoja cha prosesa kiwe huru kuilisha, kikikosekana kadi inasubirisubiri na skrini inakuwa nzito. Alafu wekea tiki ile sehemu ya kusimamisha kadi ukiwa unatumia kompyuta. Na upangie saa, ianze saa tano usiku iishe saa moja asubuhi, wakati umeme wa Lindi umetulia na bati limepoa. Kazi za Einstein huwa na siku kama 14 za kurudisha, hakuna anayekukimbiza.

Hiyo ya saa ina faida nyingine, Luku. Mashine nzima, kadi ikiwa haijashushwa, kwa wastani ni kama wati 180, ukiiacha saa 24 ni uniti 4 na kidogo kwa siku, mwezi unakaribia uniti 130. Kama nyumbani kwako uko kwenye tarifu ya D1, ile ya wasiozidi uniti 75 kwa mwezi, utatolewa huko kwa ajili ya palsa na mama watoto atauliza. Ukiishusha kadi na kuiendesha kwa masaa nane tu ya usiku inakuwa uniti 35 hivi kwa mwezi. Piga hesabu na vitu vingine vya nyumbani kabla hujaamua, kujitolea ni vizuri ila giza nyumbani sio.

Na kuna sababu nyingine ya kutolazimisha. Kazi moja ya Einstein kwa kawaida inatumwa kwa kompyuta mbili tofauti, majibu yanalinganishwa. Kadi inayoyumba haiishii kuua kazi zake, saa nyingine inamaliza ila jibu sio sahihi, halikubaliki, na yule mtu wa upande mwingine wa dunia anasubiri mpaka kazi itumwe kwa mtu wa tatu. Ingia kwenye akaunti yako kwenye tovuti yao utaona orodha, zilizokubaliwa, zenye makosa, na zilizokataliwa. Hizo zilizokataliwa ziangalie sana. Kama umeshusha umeme wa kadi, joto liko chini ya 75, kiwaya kimetoka, na bado zinakataliwa, hapo ndo nitaanza kushuku memori ya kadi yenyewe.

Badilisha kitu kimoja kwa wakati, ukae nacho siku tatu. Leo shusha kikomo cha umeme, usiguse kingine. Fungua Event Viewer, imo ndani ya Windows yenyewe, kwenye kumbukumbu za mfumo tafuta namba 4101, hiyo ni kila mara draiva iliporudishwa, na saa yake imeandikwa, nakili kwenye daftari pamoja na joto la GPU-Z la saa hiyo. Zikipungua ghafla baada ya kushusha wati, na joto lilikuwa la kawaida tangu mwanzo, jibu ni umeme. Wewe ni mwalimu wa fizikia, hili ni jaribio kama la maabara, ata wanafunzi wanaweza kukuandikia.

Acha kujaribu mwenyewe utafute mtu ana kwa ana ukiona moja ya haya. Harufu ya kuungua au plagi iliyobadilika rangi, hilo nimeshasema. Mistari au vidoa vya rangi vinavyotokea mashine inapowaka tu, kabla ata nembo ya Windows haijaja, maana hapo draiva bado haijapakiwa, ni kadi yenyewe. Au mashine kuzima kabisa pu! bila skrini nyeusi ya kurudi, hiyo ni pawa saplai inajikinga na usiiwashe tena na tena. Ukienda kwa fundi akikuambia ataipiga kadi bloa ya hewa ya moto ifufuke, chukua kadi yako uondoke, inaweza kuwaka wiki mbili alafu ikafa moja kwa moja na hela umeshalipa.

Ukiamua kuja Mtwara, usije na kadi peke yake. Njoo na sanduku zima, na hichohicho kiwaya bila kukibadilisha, na stabilaiza kama unayo, na lile daftari. Kadi funga kwa mfuko wake au karatasi, usiiache imechomekwa ndani ya sanduku kwenye basi maana ile kadi ni nzito na njia inatikisa, itavunja mdomo wa bodi. Nitaiweka kwenye pawa saplai yangu tuiache inapiga hesabu tangu asubuhi mpaka jioni, ikimaliza bila kuanguka utarudi Lindi na kadi yako ukijua cha kununua.